Mitungi Ubavuni: Historia ya Uzamiaji Uliozaliwa Mapangoni

Uzamiaji wa mitungi ya ubavuni ni namna ya kuzama majini ambamo mzamiaji habebi hewa yake mgongoni, kama picha nyingi za wazamiaji zinavyoonyesha, bali hufunga mitungi miwili sambamba na kiwiliwili chake, mmoja kila upande, vali zikikaa chini ya makwapa na vitako vya mitungi vikielekea mapajani. Wazamiaji wa mataifa mengi huuita saidimaunti, na katika miaka ya karibuni umeingia katika orodha ya mafunzo yanayouzwa kwa watalii katika bahari za joto, ambako mwanafunzi aliyekwisha kujua kuzama kwa mtungi mmoja huweza kuumaliza kwa siku chache tu. Wepesi huo wa kuuanza unaficha asili yake. Waliobuni namna hii walikuwa watu wa kutambaa mapangoni, ambao kwao maji yalikuwa kizuizi cha kuvukwa ili safari ya nchi kavu iendelee upande wa pili, na karibu kila mkanda, kulabu na mpira anaokabidhiwa mwanafunzi wa leo una sababu yake katika mapango ya nchi fulani.

Hata hivyo, mengi ya maelezo yanayotolewa madarasani huanzia mwisho wa historia, yaani kwenye starehe: kwamba mgongo haulemewi, kwamba mitungi huvaliwa mtu akiwa tayari majini, kwamba mwili hulala bapa na kuteleza vizuri. Yote hayo ni kweli, ila hakuna hata moja lililowasukuma waanzilishi.

Sura ya kwanza ya habari hii iko katika vilima vya Mendip, katika jimbo la Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako mvua ya maelfu ya miaka imeyala mawe ya chokaa na kuacha mapango marefu, membamba na yenye maji baridi. Wachunguzi wa mapango hayo walikuwa wakikwama mara kwa mara mahali ambapo dari la pango hushuka hadi likazama majini, kisha, pengine baada ya hatua chache tu, hupanda tena na pango likaendelea likiwa kavu. Sehemu ya namna hiyo inaweza kuitwa kizibo cha maji. Katika pango la Swildon's Hole, kizibo cha kwanza kina urefu usiofikia mita mbili, na siku hizi wageni hukipita kwa kubana pumzi na kujivuta kwa kamba. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1930 hakuna aliyejua urefu wake, na kutojua huko kulitosha kukifanya kiwe mwisho wa dunia.

Mwaka 1934, Graham Balcombe, mhandisi wa posta, pamoja na mwenzake Jack Sheppard, walijaribu kukipita kizibo hicho kwa chombo cha kupumulia walichokiunda wenyewe kwa vipande vya baiskeli na mpira wa kumwagilia bustani, wasifanikiwe. Mwaka uliofuata waliazima kutoka kampuni ya Siebe Gorman vazi zima la wazamiaji wa bandarini, lenye kofia ya shaba, viatu vya risasi na bomba la kuletea hewa kutoka kwa wenzao wanaopiga pampu kwenye ukingo, wakalipeleka katika pango la Wookey Hole, ambalo lango lake ni pana na linafikika kwa urahisi. Humo walitembea kwenye sakafu ya mto wa chini ya ardhi hadi chumba cha saba, umbali wa mita 50 hivi kutoka walipoanzia. Lilikuwa jambo kubwa, na papo hapo lilidhihirisha kwamba njia hiyo haina mustakabali, kwa sababu vazi la uzito huo haliwezi kupitishwa katika pango jembamba, na bomba la hewa likizunguka kona mbili tatu hunasa. Sheppard alikipita kizibo cha Swildon's Hole mwaka 1936 akiwa amevaa vazi jepesi alilolitengeneza mwenyewe, lakini hewa yake bado ilipigwa kwa pampu kutoka nje ya maji; mpango bora ulikuwa mtu kwenda na hewa yake mwenyewe, katika chombo kidogo kadiri iwezekanavyo.

Vita vya Pili vya Dunia viliwaletea watu hawa zana mpya. Majeshi yalikuwa yameunda vifaa vya oksijeni vinavyozungusha pumzi ya mtu mle mle ndani, vikisafisha hewa chafu kwa kemikali bila kutoa mapovu, na baada ya vita vifaa hivyo vilipatikana kwa bei ya chini. Balcombe alianzisha Cave Diving Group mwaka 1946, chama kilichopo hadi leo, na wanachama wake wa kwanza walizama kwa oksijeni tupu, wakitembea kwa miguu juu ya sakafu ya pango wakiwa wamejifunga uzito. Udhaifu wa oksijeni tupu ni kwamba ikivutwa chini ya shinikizo kubwa hugeuka sumu na kumtia mtu kifafa, hivyo kina cha mita tisa au kumi kilikuwa ndio mpaka. Mapango hayakujali mpaka huo. Mwaka 1949 mzamiaji mmoja alifariki katika Wookey Hole, na kifo hicho ndicho cha kwanza katika uzamiaji wa mapangoni wa Uingereza.

Wakati huo huo, nchini Ufaransa, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walikuwa wameunda mwaka 1943 chombo kilichobadilisha uzamiaji wote: regulata, yaani kifaa kinachopokea hewa iliyoshindiliwa mtungini kwa nguvu nyingi na kumpa mzamiaji kiasi kile tu anachokihitaji kwa kila pumzi, kwa shinikizo lililo sawa na la maji yanayomzunguka. Mtu aliye na regulata angeweza kuvuta hewa ya kawaida badala ya oksijeni, kushuka kina kikubwa zaidi, na kuogelea kwa mapezi ya miguuni badala ya kutembea. Ingetarajiwa kwamba wachunguzi wa Mendip wangeipokea mara moja. Hawakuipokea. Mwaka 1955 Bob Davies, akiogelea kwa mapezi na mtungi wa hewa katika Wookey Hole, aliachana na kamba ya mwongozo na wenzake wawili, akaibukia katika chumba cha kumi na tatu na kukaa humo saa tatu akiwa na hewa kidogo kabla ya kujitafutia njia ya kurudi. Tukio hilo liliwagawa wazamiaji, wengine wakiona kwamba kuogelea kunamtenga mtu na sakafu, ambayo ndiyo rafiki pekee asiyepotea gizani, wengine wakiona kwamba kosa halikuwa la mapezi. Hoja ya kundi la kwanza haikuwa ya kipuuzi, kwa maana katika maji yaliyovurugwa tope mtu aliyeelea hajui hata upande wa juu uko wapi.

Katika miaka ya 1960 kundi la pili lilishinda, na hapo ndipo mtungi ulipohamia ubavuni. Sababu yake inaonekana kwa kuifuata safari yenyewe. Mzamiaji wa Mendip au wa mapango ya Yorkshire alianza kwa kutembea, kupanda na kushuka kwa kamba, kutambaa kwenye vijito na kujipenyeza katika nyufa kwa muda wa saa kadhaa, akiwa amebeba vifaa vyake katika mifuko na begani, kabla hajafika penye maji. Baada ya kukipita kizibo alivua kila kitu, akaendelea kutambaa hadi kizibo kingine. Mtungi wa mgongoni ulikuwa adui katika safari ya namna hiyo, kwa kuwa ulikwaruza dari, ukanasa kwenye miamba, na vali yake, ambayo ndiyo uhai wa mtu, iligongwa na mawe mahali ambapo mkono haufiki. Basi walichukua mkanda mnene wa kiunoni, wa aina iliyotumika kubebea betri za taa, wakaufungia mitungi midogo ubavuni kwa vitanzi, kila mmoja na regulata yake. Mtungi uliweza kuchomolewa kwa mkono mmoja na kusukumwa mbele pale njia ilipokuwa nyembamba. Wazamiaji wa nchi nyingine waliuita mtindo huo mfumo wa Kiingereza, na haikuwa daima kwa kuusifu.

Mtindo huo ulitokana vilevile na upweke. Katika uzamiaji wa baharini mwanafunzi hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba hazami peke yake, na kwamba mwenzake ndiye akiba yake ya hewa. Katika kizibo chembamba cha Uingereza, ambamo mtu hauoni mkono wake mwenyewe na wawili hawawezi kupishana, mwenzi wa pili hana msaada, na pengine huongeza hatari kwa kuziba njia ya kutokea. Kwa hiyo wazamiaji hao walizoea kwenda mmoja mmoja, na akiba iliyokuwa kwa mwenzi ikahamishiwa kwenye mtungi wa pili. Mitungi miwili isiyounganishwa kwa lolote, yenye regulata mbili na geji mbili za kupimia shinikizo, ni mzamiaji na mwenzake ndani ya mtu mmoja.

Kutoka huko habari inahamia Florida, nchini Marekani, ambako mapango ni kinyume cha yale ya Mendip karibu kwa kila jambo. Chemchemi za kaskazini mwa jimbo hilo hutoa maji maangavu yenye joto la nyuzi 20 hivi za selsiasi mwaka mzima, milango yake iko juu ya ardhi kiasi kwamba gari huegeshwa hatua chache kutoka ukingoni, na njia zake nyingi ni mahandaki mapana. Mzamiaji wa Florida hakuwa mtambaaji wa mapangoni aliyekutana na maji. Alikuwa muogeleaji wa baharini aliyevutwa na uangavu wa maji hadi akajikuta chini ya dari. Alibeba mitungi miwili mikubwa mgongoni, iliyounganishwa kwa bomba, na hakuona haja ya kubadilika.

Alichokihitaji zaidi ni kubaki hai. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu wengi walikufa katika chemchemi hizo, wengi wao wakiwa wazamiaji wa baharini wasio na mafunzo ya mapangoni, na vyama vikaanzishwa kwa ajili ya kuwafunza: National Association for Cave Diving mwaka 1968, na tawi la uzamiaji la chama cha wanamapango cha National Speleological Society mwaka 1973. Mwalimu mkubwa wa kizazi hicho alikuwa Sheck Exley, ambaye mwaka 1979 alitoa kitabu kidogo kiitwacho Basic Cave Diving: A Blueprint for Survival. Ndani yake alivichambua vifo kimoja kimoja na kuonyesha kwamba karibu vyote vilitokana na makosa machache yanayojirudia: kukosa kamba ya mwongozo inayofika hadi nje, kushuka kina kisichofaa, na kutojiwekea akiba ya hewa ya kutosha. Kwa kosa hilo la mwisho tiba ilikuwa kanuni ya theluthi, inayomtaka mzamiaji atumie theluthi moja ya hewa kuingia, theluthi moja kutoka, na kuiacha theluthi ya tatu kwa ajili ya dharura.

Kanuni hiyo inapokutana na mitungi miwili isiyounganishwa hudai hesabu ambayo mwanafunzi wa mitungi ya ubavuni anapaswa kuielewa kabla ya kufunga mkanda wa kwanza. Na ichukuliwe kwamba kila mtungi una baa 180, baa ikiwa ni kipimo cha shinikizo kinachokaribiana na shinikizo la hewa ya kawaida kwenye usawa wa bahari. Mzamiaji huvuta baa 60 kutoka mtungi wa kushoto na 60 kutoka wa kulia, kisha hugeuka. Safari ya kuingia imemgharimu 120, na kila mtungi umebakiwa na 120. Ikitokea mtungi mmoja uharibike kabisa hapo hapo, mbali kuliko pote, uliobaki unamtosha kurudi. Lakini mtu aliyevuta zote 120 kutoka mtungi wa kushoto, akauacha wa kulia na 180 akidhani amejiwekea akiba nono, atakuwa na 60 tu iwapo wa kulia ndio utakaoharibika, yaani nusu ya hewa anayoihitaji. Jumla ya hewa ni ile ile katika hali zote mbili. Hii ndiyo sababu ya kubadilisha regulata mara kwa mara katikati ya mzamo ili mitungi ishuke kwa kulingana, zoezi ambalo wanafunzi wengi huliona la kuchosha na ambalo walimu wengine hulifundisha kama adabu tu.

Mitungi ya ubavuni iliingia Florida pale mahandaki mapana yalipokwisha kuchorwa ramani na kubaki njia nyembamba ambazo mtu wa mitungi ya mgongoni angezitazama tu na kuziacha. Mapema miaka ya 1980 kikundi kidogo cha wachunguzi, wakiwemo Woody Jasper, Wes Skiles na Lamar Hires, kilianza kujipenyeza humo kwa vifaa vya kujitengenezea. Walipojaribu mfumo wa Kiingereza uliwasumbua, kwa sababu mtungi uliofungwa kiunoni tu huning'inia kichwa chini mtu anapoogelea, ukaburuza tope na kuyatibua maji ambayo uangavu wake ndio fahari ya Florida. Mtambaaji wa Mendip hakujali jambo hilo, kwani maji yake yalikuwa meusi tangu mwanzo. Suluhisho lilikuwa kuushika mtungi mahali pawili: chini kwa kulabu iliyofungwa kwenye mkanda wa kiunoni, juu kwa mpira wa kuvutika unaotoka mgongoni, kupita chini ya kwapa na kuizunguka shingo ya vali. Mpira wa kwanza ulikatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Kwa mabadiliko hayo madogo mtungi ulilala sambamba na mbavu, mwili ukawa bapa, na namna iliyokuwa ya kutambaa ikawa ya kuogelea.

Hakuna hatua iliyo muhimu kuliko hiyo katika historia nzima, ijapokuwa haina mvumbuzi mmoja wala siku moja ya kuadhimishwa. Kwa miaka mingi iliyofuata kila mzamiaji wa namna hii alikuwa fundi wa vifaa vyake mwenyewe: alikata jaketi la kuelea, yaani mfuko unaojazwa hewa ili kusawazisha uzito majini, akaushona upya ili ukae mgongoni bila kuvimba, alipima urefu wa mpira, akajaribu, akaukata tena. Aliyetaka kuanza alikwenda kwa mtu anayejua, akamtazama, akaiga. Kampuni ya Dive Rite, iliyoanzishwa mwaka 1984 katika mji wa Lake City, Florida, na ambayo Hires alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ilianza katika miaka ya 1990 kuuza vifaa vilivyokamilika vya mitungi ya ubavuni, na tangu hapo mtu aliweza kununua kile ambacho zamani alilazimika kukielewa kwanza ndipo akitengeneze.

Sura ya tatu ni ya Meksiko, katika jimbo la Quintana Roo, kwenye rasi ya Yucatán. Huko ardhi yote ni chokaa isiyo na mito ya juu, na maji hupita chini yake katika mapango yanayofunguka msituni kwa visima vya asili viitwavyo senote. Katika zama za barafu, usawa wa bahari uliposhuka zaidi ya mita 100 chini ya ulivyo leo, mapango hayo yalikuwa makavu, na matone ya maji yenye chokaa yakajenga humo nguzo na michirizi ya mawe inayoning'inia darini. Bahari ilipopanda tena, mapambo hayo yalizama yakiwa mazima. Mzamiaji anayepita kati yake akiwa na mitungi mgongoni huvunja kwa mguso mmoja kitu kilichochukua maelfu ya miaka kujengeka, na hakitajengeka tena kikiwa majini. Zaidi ya hayo, senote nyingi zilikuwa mbali na barabara, na mitungi ilibebwa msituni kwa mabega au kwa punda na farasi, mmoja mmoja. Mtungi uliotenganishwa na mwenzake ulikuwa rahisi kubebeka.

Mwingereza Steve Bogaerts, aliyefanya makazi yake huko, ndiye aliyeunda mkanda mwepesi uitwao Razor, uliopunguza kila kisichohitajika hadi ikabaki mikanda michache na mpira mmoja unaopita mgongoni. Mwaka 2007 yeye na Mjerumani Robbie Schmittner waliunganisha mfumo wa Sac Actun na ule wa Nohoch Nah Chich, kwa kupita katika njia ambazo mitungi ya mgongoni isingepita. Na mwanzoni mwa mwaka 2018 Schmittner na wenzake walithibitisha kwamba Sac Actun imeungana pia na Dos Ojos, wakapata pango lililozama lenye urefu wa kilomita 347 hivi, ambalo wakati huo lilitangazwa kuwa refu kuliko yote yajulikanayo duniani.

Meksiko iliacha alama nyingine ambayo mwanafunzi huiona katika mzamo wake wa kwanza. Mitungi inayokodishwa huko, kama ilivyo katika bahari nyingi za joto, ni ya alumini yenye ujazo wa lita 11 hivi, tofauti na ile ya chuma iliyopendwa Florida. Hewa ina uzito, jambo ambalo watu husahau: katika mtungi wa namna hiyo uliojaa baa 200 mna hewa ya karibu kilo mbili na nusu. Mtungi ukiwa umejaa huzama kidogo; hewa inapovutwa huwa mwepesi hadi kufikia karibu na mwisho huelea, na kwa kuwa uzito wa vali uko mbele, kitako ndicho kinachoinuka. Mzamiaji ambaye mwanzo wa mzamo mitungi yake ililala vizuri hujikuta, baada ya nusu saa, ikiwa imenyanyuka nyuma kama mkia wa jogoo. Hapo huifungua kulabu ya chini na kuisogeza kwenye pete iliyo mbele zaidi ya mkanda, na mtungi hulala tena. Mtungi wa chuma haufanyi hivyo. Mwalimu aliyejifunzia Florida na mwalimu aliyejifunzia Meksiko huweza basi kumwambia mwanafunzi mmoja mambo mawili yanayopingana kuhusu mahali pa kufunga kulabu, na wote wawili wakawa sahihi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mashirika makubwa ya mafunzo, likiwemo PADI, yalianza kutoa vyeti vya mitungi ya ubavuni kwa wazamiaji wa kawaida wa baharini. Yale yaliyokuwa yakirithishwa kwa kutazamana yakawekwa katika mpangilio: kupima mikanda mwanafunzi akiwa nchi kavu, kufunga kulabu ya chini kwanza kisha kuvuta mpira juu ya vali, kuvaa na kuvua mtungi majini, kubadilisha regulata, kumpa mwenzi hewa kwa bomba refu, ambalo kwa kawaida ni la mita mbili na hutoka kwenye mtungi wa kulia, huku bomba fupi la kushoto likining'inizwa shingoni kwa kamba laini. Urefu wa mita mbili nao ni urithi wa mapangoni, uliokusudiwa kuwawezesha watu wawili wanaotumia mtungi mmoja kutoka wakiwa wamefuatana katika njia isiyowatosha bega kwa bega.

Faida iliyo kubwa kuliko zote hufundishwa katika zoezi la vali. Regulata ikiharibika, mara nyingi huharibika kwa kuachia hewa itoke mfululizo, na mtungi huweza kwisha kwa dakika chache. Aliyebeba mitungi mgongoni hulazimika kupeleka mkono nyuma ya kisogo na kupapasa vali asiyoiona, jambo gumu kwa mtu aliyevaa vazi nene au mwenye bega lililokakamaa. Aliyebeba ubavuni huishika vali iliyo mbele ya kifua chake, akaifunga. Tena, akihitaji hewa iliyo ndani ya mtungi huo mbovu, huifungua kidogo anapovuta pumzi na kuifunga anapoitoa, pumzi baada ya pumzi, mkono ukifanya kazi ambayo chombo kimeshindwa kuifanya. Hewa yote iliyobaki hutumika. Zoezi hilo hutisha katika dakika ya kwanza, na baada ya dakika tano huwa la kawaida. Ni hasara kwamba katika kozi fupi za likizo hupitiwa haraka au huachwa kabisa.

Dunia ya nje ya uzamiaji iliuona mtindo huu kwa mara ya kwanza mwezi Julai 2018, ijapokuwa wengi hawakujua wanachokiona. Vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao walikuwa wamezingirwa na mafuriko ndani ya pango la Tham Luang, kaskazini mwa Thailand, na waliowafikia tarehe 2 Julai walikuwa Waingereza wawili, Rick Stanton na John Volanthen, wazamiaji wa kujitolea waliolelewa na desturi ya Cave Diving Group. Maji yalikuwa ya tope, njia ilikuwa na sehemu nyembamba, na kati ya kizibo kimoja na kingine palikuwa na sehemu za kutembea. Kwa maneno mengine, Tham Luang ilikuwa Mendip iliyo kubwa na yenye joto. Wanamaji wa jeshi la Thailand, hodari wa bahari, walikuwa wakizama huko kwa vifaa vya baharini, na mmoja wa waliokuwa wanajeshi wao, Saman Kunan, alifariki tarehe 6 Julai akipeleka mitungi ya hewa. Wote 13 walitolewa kati ya tarehe 8 na 10 Julai. Ustadi uliofanikisha kazi hiyo ulikuwa umejengwa kwa zaidi ya miaka 80 na watu wachache wasiolipwa, katika mashimo ambayo majirani zao waliyaona hayana faida kwa yeyote.

Kwa anayeanza leo, historia hii ina matumizi ya moja kwa moja. Vifaa vya kisasa huuzwa vikiwa na pete, mikanda na vifuko vingi, na mwanafunzi huelekea kuamini kwamba kila kilichopo kinahitajika popote. Anayejua kwamba pete ya pili ya mbele ililetwa na mtungi wa alumini, kwamba bomba refu ni la njia nyembamba, na kwamba ubadilishaji wa regulata ni hesabu ya kurudi nyumbani, ataweza kuuliza lipi linamhusu katika maji anayozamia. Katika mashua ndogo yenye mawimbi, kwa mfano, mitungi miwili ya ubavuni ni usumbufu wa kweli: nahodha hulazimika kumpitishia mzamiaji mtungi mmoja mmoja akiwa majini, na mkondo ukiwa mkali mtu huweza kusombwa mbali kabla hajafunga kulabu ya pili. Kwa mzamo wa nusu saa juu ya mwamba wa matumbawe, mtungi mmoja wa mgongoni bado ni chaguo la busara, na mwalimu asiyekiri hivyo anauza vifaa.

Jambo moja halijabadilika. Katika milango ya chemchemi nyingi za Florida na senote nyingi za Meksiko, mwanzoni mwa giza, husimama bango lenye picha ya Mauti akiwa amevaa joho, linalomwonya kila asiye na mafunzo ya mapangoni asisogee hata hatua moja zaidi. Cheti cha mitungi ya ubavuni kinachotolewa baharini hakimruhusu mwenye nacho kulipita bango hilo.